Ruhusa na Ushauri Kabla ya Kujenga: Mafunzo Kutoka Kufa na Tunis

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baad.

Miji yetu inapanuka kila mwaka. Mashamba ya viungani yanakatwa viwanja, nyumba zinapanda juu, na maimamu wanaletewa mashtaka: huyu amefungua dirisha linaloangalia ua wa jirani, yule ameziba njia, mwingine ameelekeza maji machafu kwa mwenzake. Wako Waislamu wanaodhani kuwa kwenda kwa afisa wa mipango miji kuomba ushauri na kibali ni desturi iliyoletwa na wakoloni, isiyohusiana na dini. Historia yetu haiungi mkono dhana hiyo.

Kufa, mwaka wa 17 Hijria

Mji wa Kufa ulipoanzishwa mwaka wa 17 Hijria (638 Miladia) chini ya Saad bin Abi Waqqas (r.a.), watu walijenga kwa matete. Imam al-Tabari anasimulia kwamba moto ulizuka ukateketeza makazi yao. Hawakukimbilia kujenga kila mtu apendavyo. Walituma ujumbe Madina kumwomba Khalifa Umar bin al-Khattab (r.a.) ruhusa ya kujenga kwa matofali. Akawaruhusu kwa masharti: mtu asizidishe vyumba vitatu, wala wasishindane kwa majengo marefu. Katika mpango wa mji huo njia kuu ziliwekewa upana wa dhiraa 40, zinazofuata 30, kisha 20, na vichochoro dhiraa 7.

Kipimo hicho cha 7 kina asili katika Sunna. Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kwamba watu wakigombania njia, upana wake ufanywe dhiraa 7. Basi suala la upana wa njia limo katika vitabu vyetu tangu zamani.

Umar (r.a.) aliulizwa pia juu ya mtu aliyejenga chumba cha juu chenye dirisha lililoelekea kwa jirani. Katika al-Mudawwana ya Wamaliki imepokewa kwamba aliamuru kiwekwe kitanda chini ya dirisha, na mtu asimame juu yake. Akiweza kuona ndani kwa jirani, mwenye dirisha azuiwe, asipoweza, aachwe. Tazama, ndugu msomaji, jinsi hukumu ilivyojengwa juu ya kipimo, si juu ya hasira za wagomvi.

Mwashi aliyemsaidia kadhi

Wanazuoni wa Magharibi ya Kiislamu waliyakusanya masuala haya katika vitabu maalumu. Isa bin Musa al-Tutili wa Andalusia, aliyefariki mwaka wa 386 Hijria (996 Miladia), aliandika kitabu juu ya kuta. Katika karne ya 8 Hijria akatokea Tunis Muhammad bin Ibrahim al-Lakhmi, maarufu kwa jina la Ibn al-Rami. Yeye alikuwa fundi mwashi. Kadhi alimtuma kwenda kuangalia ukuta, dirisha au mfereji unaogombaniwa, naye akarudi na maelezo ya kitaalamu. Uzoefu huo aliuandika katika kitabu chake al-Ilan bi Ahkam al-Bunyan.

Tunis wakati huo ulikuwa mji mkuu wa dola ya Banu Hafs. Nje ya mji wa kati palikuwa na viunga viwili, cha Bab al-Suwayqa na cha Bab al-Jazira. Watu waliishi wakipakana ukuta kwa ukuta, na kinu cha jirani kiliweza kutikisa nyumba nzima. Ibn al-Rami anaeleza namna ya kupima: karatasi hufungwa nyuzi kwenye pembe zake nne, ikatundikwa, juu yake zikawekwa mbegu kavu za giligilani, kisha mwenye kinu akaambiwa asage. Mbegu zikitikisika, kinu huzuiwa. Zikitulia, jirani hana hoja.

Je, madhehebu yetu yanasemaje?

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki, ambako wengi ni Washafii, ana haki ya kuuliza. Imam al-Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa kila mtu hutumia milki yake kwa mujibu wa ada, na kwamba kauli sahihi zaidi inamruhusu mtu kugeuza nyumba yake kuwa hamamu au zizi hata kama imezungukwa na makazi. Lakini ameweka sharti: awe amechukua hadhari na kuziimarisha kuta. Tena, akivuka mpaka wa ada, atalipa alichoharibu.

Kwa hiyo Wamaliki wamempa jirani uwezo mkubwa zaidi wa kuzuia, na Washafii wamempa mwenye milki uhuru mpana zaidi. Pamoja na hayo, sharti la hadhari linahitaji mjuzi: nani atasema kuwa ukuta umeimarishwa inavyotakiwa? Isitoshe, Washafii wenyewe, akiwemo al-Suyuti katika al-Ashbah wan-Nadhair, wametaja kanuni kwamba hatua za kiongozi juu ya raia zimefungamana na maslahi yao. Taratibu za mipango miji zenye kulinda njia, mifereji na sitara za watu zinaingia humo. Hazigeuki kuwa dhulma kwa kuwa zinamchelewesha mwenye kiwanja.

Tofauti moja ni muhimu. Kesi nyingi za Ibn al-Rami zilikuja baada ya ukuta kusimama na majirani kugombana. Tiba yake mara nyingi ilikuwa kuziba au kubomoa, nayo ni hasara ya mali. Watu wa Kufa waliuliza kabla. Leo, Tanzania ikiwa na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 na Kenya sheria yake ya mwaka 2019, mlango wa kuuliza kabla uko wazi, na anayeupuuza anajitafutia hasara kwa mkono wake.

Tunawausia maimamu wanapoombwa dua ya kuweka jiwe la msingi, wawe wa nyumba au msikiti, waulize kwanza: Je, majirani wamearifiwa? Mjuzi ameangalia? Kibali kimepatikana? Msikiti ndio unaostahiki zaidi kutomdhuru jirani.

Tunamwomba Allah azijaalie nyumba zetu kuwa makazi ya amani. Wabillahi tawfiq.