Homa ya Kawaida: Mama Anaposubiri Kukicha

Katika mijadala ya afya ya mtoto nchini Tanzania kuna lawama isiyokwisha: akina mama wa vijijini huchelewa kumpeleka mtoto zahanati kwa kukosa elimu. Makala haya yanapinga lawama hiyo. Mara nyingi mama anayesubiri huwa amekadiria sawasawa. Kinachomponza ni kwamba siku akikosea, hana nafasi ya kurekebisha kosa.

Mwaka 2014 Valérie D'Acremont na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto 1,005 wenye homa waliofikishwa kwenye vituo vya tiba vya Dar es Salaam na Ifakara. Malaria ilionekana kwa takriban mtoto mmoja kati ya kumi. Wengi walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na sehemu kubwa yake ilisababishwa na virusi, yaani maradhi ambayo kwa kawaida mwili huyashinda wenyewe. Basi mama wa Bonde la Kilombero anayempapasa mwanawe paji la uso jioni, akampa panadoli, akamkanda kwa kitambaa cha maji na kusema "ni homa tu, tuone kukicha", tutamwitaje mjinga? Usiku kucha anaangalia kama mtoto ananyonya, kama anatapika, kama analegea. Hizo ndizo dalili za hatari ambazo mhudumu wa zahanati naye hufundishwa kuziuliza.

Degedege ndiyo hoja ngumu zaidi kwa upande wangu. Katika maeneo mengi ya pwani na Morogoro, mtoto anayekakamaa na kugeuza macho amehesabiwa kuwa na ugonjwa wa mashetani. Alifukizwa kinyesi cha tembo, na sindano iliogopwa kwa imani kwamba ingemuua. Imani hiyo imegharimu maisha, sina haja ya kuipamba. Lakini hata hapo mama hakukaa kimya: alikimbia, ila alikimbilia kwa mganga aliye jirani. Tena familia nyingi hupita njia zote mbili, kwa mganga ili mtikisiko utulie, kisha hospitali ili homa itibiwe. Kinachoamua kama mtoto atafika hospitali akiwa hai ni umbali kati ya milango hiyo miwili.

Umbali huo hubadilika na majira. Wakati wa kilimo cha mpunga, kaya nyingi za Kilombero na Ulanga huhamia mashambani, kwenye vibanda vilivyo mbali na kijiji, mvua imekata njia na mbu ni wengi. Fedha za mavuno ya mwaka uliopita zimekwisha. Sera inawasamehe watoto wa chini ya miaka mitano malipo katika vituo vya serikali, lakini msamaha haulipi bodaboda, wala haujazi rafu ya dawa iliyo tupu. Mama aliyewahi kutembea asubuhi nzima akaambiwa "dawa hakuna, kanunueni" safari ijayo ataanzia duka la dawa. Nani angefanya vinginevyo?

Isitoshe, uamuzi si wake peke yake. John Janzen, katika kitabu chake cha 1978 kuhusu Wakongo wa Zaire ya Chini, alionyesha kuwa tiba huamuliwa na kundi la ndugu linalomzunguka mgonjwa. Kwetu kundi hilo lina baba mwenye nauli, mama mkwe mwenye kauli, na shangazi anayekumbuka mtoto wa jirani alivyopona. Kumpa semina mama peke yake ni kumfundisha abiria kuendesha gari asilokuwa na ufunguo wake.

Kwa hiyo watafiti na waganga wakuu wa wilaya waache kumuuliza mama kwa nini alichelewa. Waulize aliona nini usiku ule, nani alikuwa na nauli, na mara ya mwisho alipofika zahanati alipewa nini. Majibu hayo yapelekwe halmashauri kabla bajeti ya dawa haijapitishwa.