Lishe Baada ya Upasuaji wa Saratani ya Mfumo wa Chakula: Mambo ya Msingi kwa Mgonjwa na Familia

Upasuaji ni miongoni mwa tiba kuu za saratani za mfumo wa chakula, zikiwemo za umio, tumbo, kongosho na utumbo mpana. Kwa Tanzania, saratani ya umio inastahili kuangaliwa kwa namna ya pekee, kwa kuwa nchi imo katika ukanda unaoanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, ambako ugonjwa huo huonekana kwa wingi kuliko sehemu nyingine nyingi za dunia. Wagonjwa wengi wa saratani hiyo hufika hospitali wakiwa wamekwisha kukonda, kwa sababu chakula kilikuwa hakipiti vizuri kwa wiki au miezi kadhaa. Kwa hiyo suala la lishe huanza kabla ya upasuaji na huendelea muda mrefu baada ya mgonjwa kurejea nyumbani.

Lishe kama sehemu ya tiba

Baada ya upasuaji mwili huhitaji protini na nishati zaidi ili kuponya kidonda na kupambana na maambukizi. Visipopatikana katika chakula, mwili huvitafuta katika misuli yake wenyewe. Mgonjwa hudhoofika, kidonda huchelewa kufunga, na hatari ya kuvuja kwa maungio ya umio au utumbo huongezeka. Aidha, mgonjwa aliyedhoofika huweza kucheleweshewa tiba ya dawa za saratani au mionzi inayopaswa kufuata.

Miongozo ya kitaalamu inashauri kuwa mgonjwa aliyepoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake ndani ya miezi 6 aimarishwe kilishe kwa siku 7 hadi 14 kabla ya upasuaji mkubwa, hata ikibidi upasuaji uahirishwe. Aliyekaa muda mrefu bila kula hurejeshwa kwenye chakula hatua kwa hatua chini ya uangalizi, kwa kuwa kulishwa kwa wingi ghafla huweza kuvuruga madini ya mwili na mapigo ya moyo.

Kiasi kinachohitajika

Kwa kawaida mgonjwa huhitaji kilokalori 25 hadi 30 na protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 50 huhitaji kilokalori 1,250 hadi 1,500 na protini gramu 60 hadi 75. Kiasi hicho cha protini kinaweza kufikiwa kwa vyakula vya kawaida: mayai 2, vikombe 2 vya maziwa au mtindi, kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva na kupondwa, pamoja na kipande cha samaki cha gramu 100. Si lazima familia inunue unga wa lishe wa bei kubwa kutoka nje, isipokuwa pale mtaalamu wa lishe anapoelekeza.

Uji mwepesi pekee hautoshi, kwani sehemu yake kubwa ni maji. Uji huo uongezwe maziwa, karanga zilizosagwa laini, yai lililoiva au mafuta kidogo. Vilevile, dhana kwamba kumnyima mgonjwa chakula huifisha saratani kwa njaa haina msingi. Anayedhoofika kwanza ni mgonjwa.

Kuanza kula na kulishwa kwa mrija

Zamani ilikuwa desturi kumwacha mgonjwa bila chakula hadi apitishe hewa au haja. Siku hizi wagonjwa wengi waliopasuliwa utumbo mpana huanza kunywa na kula ndani ya saa 24. Kwa waliopasuliwa umio au tumbo, uamuzi hutegemea hali ya maungio; hivyo ndugu hawapaswi kumpa mgonjwa chakula bila idhini ya daktari.

Baadhi ya wagonjwa huwekewa mrija unaopeleka chakula moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba. Mlishaji anatakiwa kunawa mikono, kumwinua mgonjwa kifua na kichwa, kupitisha chakula polepole, na kusafisha mrija kwa maji yaliyochemshwa na kupoa kabla na baada ya kulisha. Dawa zisisagwe na kupitishwa humo bila ushauri wa mfamasia.

Mahitaji kulingana na kiungo

Aliyeondolewa umio au tumbo hushiba haraka. Ale milo midogo 6 hadi 8 kwa siku, atafune vizuri, akae wima wakati wa kula, na asilale mara baada ya mlo. Iwapo baada ya kula anapata jasho, kizunguzungu, moyo kwenda mbio au kuharisha, apunguze vyakula vya sukari nyingi na anywe maji nusu saa baada ya chakula badala ya kunywa pamoja nacho. Aliyeondolewa tumbo lote huhitaji vitamini B12 maisha yake yote, kwa kawaida kwa sindano, pamoja na kupimwa damu na madini ya chuma.

Aliyeondolewa sehemu ya kongosho anaweza kupata choo chenye mafuta kinachoelea. Huyo huhitaji vidonge vya vimeng'enya vinavyomezwa pamoja na mlo. Mwenye tundu la haja lililotokana na utumbo mwembamba hupoteza maji na chumvi nyingi, na maji matupu hayatoshi kurudisha kilichopotea. Atumie pia maji yenye dawa ya chumvichumvi kwa kiasi atakachoelekezwa. Mgonjwa anayekusudia kufunga kwa sababu za ibada azungumze kwanza na daktari wake.

Dalili za kurudi hospitali mapema

Uzito upimwe mara moja kwa wiki na kuandikwa. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa akiwa na homa, maumivu ya tumbo yanayoongezeka, kutapika mfululizo, tumbo kujaa bila kupitisha hewa wala haja, kidonda kutoa usaha, au mkojo mchache wenye rangi nzito. Chakula kikianza tena kukwama, familia isikate tamaa kwa kudhani saratani imerudi. Mara nyingine ni maungio yaliyosinyaa, ambayo huweza kupanuliwa hospitalini.

Kabla ya kuruhusiwa, mgonjwa na anayemhudumia wanashauriwa kuonana na ofisa lishe wa hospitali na kuondoka na mpango wa milo ulioandikwa, unaozingatia vyakula vinavyopatikana mahali wanapoishi.