Safu ya Lugha: Kutii si kuogopa

Kwenye harusi za hapa Nanyuki, bibi harusi huusiwa "amtii" mumewe, na anayeusia humaanisha anyamaze na aogope. Sikubali. Neno "kutii" tumelipata kwa Waarabu, na mzizi wake umebeba hiari: unasikia agizo, unalikubali, unalifuata. Anayefuata kwa hofu ameshurutishwa tu. Kuheshimu ni kutambua hadhi ya mtu hata asipoagiza lolote. Kunyenyekea, neno letu la Kibantu, ni kujishusha mwenyewe. Hata Biblia, katika Waefeso 5, kabla ya kumtaja mke, hutaka Wakristo wote wanyenyekeane, kisha humwagiza mume ampende mkewe hadi kujitoa. Kigiriki cha asili cha waraka huo kina kitenzi kimoja kwa watoto na kingine kwa wake. Tafsiri ya Biblia ya Kiswahili iitwayo Union Version imeandika "tii" kwa wake na kwa watoto pia, na tofauti hiyo ikatupotea.