Amri na Shauri: Sheria za Jiji la Kampala, Polisi na Lugha ya Kiswahili

Utangulizi

Katika madarasa yetu ya Kiswahili hapa Kampala kuna swali ambalo hurudi kila mara: kwa nini watu wengi wa jiji hili hukisikia Kiswahili kama lugha ya kukemea? Jibu la kawaida ni kwamba Kiswahili kilikuwa lugha ya wanajeshi, hasa wakati wa Idi Amin. Jibu hilo lina ukweli, lakini ni fupi mno. Kabla ya Amin, na baada yake pia, mwananchi wa kawaida hakukutana na askari vitani. Alikutana naye sokoni, barabarani, au mlangoni pa nyumba yake, kwa sababu ya sheria fulani ya mji.

Makala haya yanakusudia kutafuta jibu mahali ambapo sisi walimu wa lugha hatuna mazoea ya kupatazama: katika halmashauri ya jiji, katika kamati zake zinazojadili sheria, na katika mfuko unaowalipa polisi. Hoja yetu ni kwamba, kwa sehemu kubwa ya historia ya Kampala, waliotunga sheria za mji hawakuwa na mamlaka juu ya polisi waliozitekeleza, wala lugha ya kutunga haikuwa lugha ya kutekeleza. Sheria ilijadiliwa kwa Kiingereza, ikamfikia mtu kwa Kiswahili, naye alikuwa akizungumza Kiganda nyumbani kwake.

Miji miwili, polisi wa aina mbili

Kapteni Frederick Lugard alifika Buganda mwezi wa Desemba 1890 akajenga ngome katika kilima kinachoitwa leo Old Kampala. Mwaka uliofuata alikwenda magharibi akaajiri askari Wasudani waliokuwa wamebaki katika jeshi la Emin Pasha. Askari hao, ambao vizazi vyao twawajua kwa jina la Wanubi, pamoja na wapagazi na walinzi waliotoka pwani, ndio waliokuwa mkono wa kwanza wa utawala mpya. Hivyo tangu mwanzo mtu mwenye bunduki katika kilima hicho hakuwa mwenyeji wa hapo, na lugha yake ya kazi haikuwa lugha ya mahali hapo.

Baada ya Mkataba wa Buganda wa 1900, Kampala ilikua ikiwa miji miwili inayopakana. Upande mmoja kulikuwa na Kibuga, makao makuu ya Kabaka yenye kitovu chake Mengo, yaliyoongozwa na serikali ya Buganda na kuwa na askari wake. Upande wa pili, kuanzia Nakasero, kulikuwa na mji wa serikali ya himaya, uliokuwa na Wazungu na Wahindi, ofisi na maduka. Mtu aliyetoka Kisenyi kwenda kuuza bidhaa mjini alivuka mpaka ambao hakuuona kwa macho, lakini sheria ilikuwa imebadilika na askari pia. A. W. Southall na P. C. W. Gutkind walichunguza maisha ya Kisenyi na Mulago katika kitabu walichokitoa miaka ya 1950, nao wanatuonyesha jinsi upangaji wa vyumba, utengenezaji wa pombe na biashara ndogondogo zilivyostawi pembezoni mwa mamlaka hizo mbili.

Sheria za mji wa himaya zilihusu zaidi afya na usafi. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa kukagua afya ya miji ya Afrika Mashariki, naye akapendekeza makazi yatengwe kwa rangi za watu, kwa hoja ya kuzuia magonjwa. Kwa mtazamo huo shamba la mahindi karibu na nyumba lilionekana maficho ya mbu, na ng'ombe mjini alionekana uchafu. Kumbuka jambo hili, maana tutalirudia.

Nani aliwalipa polisi?

Jeshi la Polisi la Uganda lilipewa jina hilo mwaka 1906. Lilikuwa jeshi la serikali kuu. Fedha zake zilitoka katika hazina ya himaya, na mkuu wake aliwajibika kwa Gavana. Kampala ilipopandishwa kuwa manispaa mwishoni mwa miaka ya 1940, na kuwa jiji mwaka 1962, halmashauri yake ilipata mamlaka juu ya masoko, barabara, taka, leseni na ujenzi. Polisi hawakuwamo.

Hapa inafaa kutazama kule walikotoka watawala wenyewe. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1835 iliziagiza halmashauri za miji kuunda kamati za ulinzi, na kamati hizo za madiwani ndizo zilizoajiri polisi wa mji na kuwasimamia. Utaratibu huo ulidumu hadi mabadiliko ya mwaka 1964. Katika miji ya Marekani mpaka leo halmashauri ya jiji hukaa kila mwaka ikajadili bajeti ya idara ya polisi, na wakazi huja kusema wazi kama wanataka iongezwe au ipunguzwe. Waingereza hawakuleta kamati kama hiyo Kampala. Polisi wa makoloni walifuata zaidi mfano wa polisi wa Ireland, waliokaa kambini chini ya serikali kuu kwa ajili ya kutuliza nchi.

Tofauti hiyo si ya kiofisi tu. Diwani anayepitisha bajeti ya polisi aweza kumwuliza mkuu wa polisi kwa nini mwanamke fulani alipigwa sokoni, na wapiga kura wake waweza kumwuliza yeye. Diwani wa Kampala alipitisha sheria kuhusu soko, kisha utekelezaji ukaingia mikononi mwa watu ambao hawakumwajibikia. Serwano Kulubya aliijua hali hii kwa pande zote mbili. Alikuwa mweka hazina wa Buganda mpaka machafuko ya Januari 1945 yalipomlazimisha ajiuzulu, na baadaye akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Kampala. Hata yeye, akiwa Meya, hakuwa na polisi wa kuwaagiza. Miji hiyo miwili iliunganishwa kuwa jiji moja mwaka 1968, baada ya ufalme kufutwa, lakini muungano huo haukuipa halmashauri polisi wake.

Lugha ya kituo cha polisi

Sasa tuje kwenye lugha. Mwaka 1927 Gavana W. F. Gowers alipendekeza Kiswahili kitumike katika elimu na utawala katika sehemu kubwa ya Uganda. Kabaka Daudi Chwa alipinga mwaka 1929, na wamisionari wengi wakawa upande wake. Walihofia kwamba Kiganda kingepoteza hadhi, na kwamba Buganda ingevutwa kuungana na Kenya ya walowezi. Hofu hiyo haikuwa upuuzi, na sisi wapenzi wa Kiswahili hatuna budi kuikiri.

Mwaka 1952 Kiswahili kiliondolewa katika orodha ya lugha za Kiafrika zilizotambuliwa shuleni, isipokuwa katika shule za polisi. Uamuzi huo mdogo una maana kubwa. Watoto wa raia walikatazwa lugha ambayo watoto wa polisi walifundishwa. Kiswahili kikawa na uzio wa kambi kuzunguka kwake. Raia aliyebaki nje hakukisoma hadithini wala hakukisikia mwalimu akikifafanulia. Alikisikia pale tu alipoambiwa: simama, kaa chini, toa kitambulisho.

Amin alitangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973, lakini tangazo halikufuatwa na vitabu wala walimu. Miaka ya mwanzo ya 1980, wakati wa serikali ya pili ya Obote, wakazi wa Kampala waliita misako ya askari kwa maneno mawili ya Kiswahili: panda gari. Hayo ndiyo maneno watu waliyoamriwa walipokusanywa na kupakiwa kwenye malori, na wengine hawakurudi. Ukiwauliza wazee wa jiji leo, wanalitaja jina hilo bila kulitafsiri, hata katikati ya sentensi ya Kiganda. Mwalimu anayefundisha kitenzi 'panda' katika darasa la Kampala ajue kwamba mama wa mwanafunzi wake huenda alijifunza neno hilo kwa njia nyingine.

Sheria inapopitia kamatini

Baada ya 1986 mfumo wa mabaraza ulianza kujengwa kutoka kijijini hadi wilayani, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ikaipa halmashauri ya ngazi ya wilaya, Kampala ikiwamo, uwezo wa kutunga sheria zake. Muswada hujadiliwa katika kamati, huletwa mbele ya baraza zima, kisha hupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali ili athibitishe kwamba haupingani na Katiba wala sheria za nchi.

Mfano mzuri ni sheria za kilimo cha mjini za mwaka 2006. Kwa miongo mingi kulima na kufuga Kampala kulikuwa kosa, na mazao yalifyekwa. Lakini utafiti wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba takriban theluthi moja ya kaya za jiji zililima. Kwa maneno mengine, sheria ilikuwa imewafanya watu wengi kuwa wakosaji kwa kupanda muhogo. Maafisa wa jiji, watafiti wa Makerere, Kituo cha Kimataifa cha Viazi na wakulima wenyewe walikaa pamoja, rasimu zikapitiwa, na hatimaye zikatoka sheria kuhusu kilimo, mifugo, maziwa, nyama na samaki. Sheria hizo zilitambua kilimo na kukiwekea masharti ya leseni. Zina kasoro, na maskini wengi waliona leseni ni mzigo. Hata hivyo zinathibitisha kwamba anayeguswa na sheria akishirikishwa mapema, sheria yenyewe hubadilika.

Mfumo ulibadilika tena Kampala ilipowekwa chini ya serikali kuu. Sheria ya 2010 iliunda Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, iliyoanza kazi mwaka 2011 ikiwa na Meya aliyechaguliwa, Erias Lukwago, na Mkurugenzi Mtendaji aliyeteuliwa na Rais, Jennifer Musisi. Baraza liliendelea kutunga sheria. Kwa mfano, mwaka 2019 lilitangaza sheria ya kulinda watoto, inayokataza watu kuwapa fedha watoto ombaomba barabarani. Ila polisi wa Kampala ni sehemu ya Polisi ya Uganda, na bajeti yao hujadiliwa na Kamati ya Bunge ya Ulinzi na Mambo ya Ndani. Mamlaka ina watekelezaji sheria wake, wale wanaoonekana wakikimbizana na wachuuzi, lakini jambo likiwa zito huitwa polisi. Mapema mwaka 2022 wachuuzi waliondolewa barabarani katikati ya jiji, na ubishi ule ule ukarudi: nani aliamua, na nani aliulizwa?

Maneno tunayofundisha

Hapa ndipo kazi yetu inapoanza. Kiswahili cha Tanzania kina istilahi 'sheria ndogo' kwa kila sheria ya halmashauri. Uganda ina ngazi mbili: sheria ya wilaya au jiji, na ile ya mabaraza ya chini yake. Tukiziita zote 'sheria ndogo', mwanafunzi hatajua ipi inamfunga mkazi wa jiji zima na ipi inamhusu mkazi wa divisheni moja. Tunapendekeza 'sheria ya jiji' kwa ya kwanza na 'sheria ndogo' kwa ya pili.

Yatazameni pia maneno yenyewe. 'Askari' latoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni mwanajeshi. 'Diwani' lilikuwa cheo cha watawala wa miji ya pwani kabla halijawa jina la mjumbe anayechaguliwa. Na ndani ya 'halmashauri' mna 'mashauri', yaani mazungumzo ya watu wanaotafuta uamuzi pamoja. Kiswahili kina lugha kamili ya shauri: hoja, muswada, rasimu, kuahirisha, kupinga, kuafiki. Madiwani wa Dar es Salaam huitumia kila wanapokutana, na tangu 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Kampala ilipokea amri tu, shauri likabaki nje.

Hitimisho

Katiba yetu, kwa marekebisho ya mwaka 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kiendelezwe kikiwa lugha rasmi. Maamuzi hayo ni mema, lakini historia inatuonya kwamba tangazo la juu lisilo na matumizi ya chini halimbadilishi msikilizaji. Wahenga walisema sheria ni msumeno. Aliyekatwa na msumeno huo ana haki ya kuelewa umeandikwa nini.

Basi twawaomba walimu wenzetu jambo moja dogo. Mnapofundisha hali ya kuamrisha, msiishie hapo. Wapeni wanafunzi sheria moja ya jiji, waigawe katika kamati, wabishane kwa Kiswahili, wapige kura, kisha waeleze kwa maneno mepesi vile ambavyo wangemweleza mchuuzi wa Owino. Wengine kati yao watakuwa polisi, wengine madiwani. Itakuwa heri kama wote wawili watakuwa wamekizoea Kiswahili cha kuulizana kabla hawajakitumia kuagizana.