Ubao wa Chuoni

Kabla ya kuja skuli za wamisionari na za serikali, chombo cha kusomeshea watoto wa pwani kilikuwa ubao wa mti. Mwalimu wa chuo aliuandika kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi. Mwanafunzi akarudia hata akahifadhi, kisha ukaoshwa kwa maji kungoja somo jingine. Wino ulifutika, maneno yakabaki kifuani.

Herufi hizo zilifundishwa kwa ajili ya Qur'ani, lakini zilikibeba na Kiswahili. Kwa hati hiyo uliandikwa Utendi wa Tambuka huko Pate, mwaka 1728. Kwa hati hiyo zikahifadhiwa tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840.

Skuli mpya zilikuja na vibao vya mawe na herufi za Kirumi, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ikasanifisha lugha kwa herufi hizo. Ubao wa chuoni haukuvunjwa, ulinyang'anywa Kiswahili. Ndipo mjukuu akawa anausoma msahafu wa babu yake, wala hakufundishwa kuzisoma beti alizoziandika babu huyo kwa herufi zile zile.