Plasta na Ngozi: Jeraha Lililochelewa Kupewa Jina

Mgonjwa akitundikiwa dripu, macho ya wote huwa kwenye mshipa, na ngozi inayoishikilia plasta husahaulika. Usahaulifu huo ni wa zamani. Mwaka 1845, Horace Day na William Shecut walipata hataza nchini Marekani kwa plasta ya gundi ya mpira. Mwaka 1882, mfamasia Paul Carl Beiersdorf akapata yake mjini Hamburg. Hoja kubwa ilikuwa kunata. Baadaye gundi ilichanganywa na oksidi ya zinki, kama katika Leukoplast ya mwaka 1901, na mwasho ukapungua. Lakini kupunguza mwasho si kuzuia tabaka la juu la ngozi lisinyofoke. Hatari iliongezeka baada ya 1950, David Massa wa Mayo Clinic alipoeleza kanula ya plastiki inayoweza kukaa mshipani kwa muda mrefu: plasta nazo zikawa za kukaa, kubanduliwa na kubandikwa tena palepale. Ni mwaka 2013 tu ambapo jopo la wataalamu Marekani lilichapisha maana ya jeraha la ngozi linalotokana na plasta: wekundu, lengelenge, mchubuko au mchaniko unaodumu dakika 30 au zaidi baada ya plasta kutolewa.

Wapo watakaosema kwamba kanula ikichomoka mgonjwa hukosa dawa na kuchomwa upya, kwa hiyo heri ngozi iumie kidogo. Hofu hiyo ni ya haki, ila inatenganisha mambo yasiyotengana. Ngozi yenye malengelenge na majimaji haishiki plasta. Kanula hucheza, na vijidudu hupata mlango. Anayeilinda ngozi anailinda kanula. Wengine watasema plasta za silikoni, zinazobanduka bila kuumiza sana ngozi, ni ghali. Ni kweli, lakini kinga kubwa haiuzwi dukani: kuiacha dawa ya kusafishia ikauke kabisa, kubandika bila kuvuta, kisha kubandua polepole, plasta ikikunjwa sambamba na ngozi kuelekea vinyweleo vinakolala, kidole kikiishikilia ngozi. Mtoto njiti na mzee, ambao ngozi zao ni dhaifu, ndio wanaouhitaji zaidi uangalifu huo.

Kutoka 1845 hadi 2013 ni miaka 168. Muuguzi, usiiongeze: ikague ngozi kabla ya kubandika, na uikague tena baada ya kubandua.