Trekta la bei nafuu: walipunguza wapi?

Mwaka 1960, kiwanda cha International Harvester mjini Louisville, jimbo la Kentucky nchini Marekani, kilianza kutoa trekta dogo la njano na nyeupe lililoitwa Cub Cadet. Injini yake, iliyotengenezwa na kampuni ya Kohler, ilikuwa ya silinda moja na nguvu za farasi 7. Gia zilikuwa tatu za kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma. Mkulima wa ngano angeliona ni mchezo wa watoto, lakini halikuundwa kwa ajili yake.

Lilikusudiwa watu waliohamia pembezoni mwa miji baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakajikuta na ekari moja au mbili za nyasi, bustani ya mboga na njia ya gari inayofunikwa na theluji kila msimu wa baridi. Soko hilo lilikwisha kuonekana mapema. Huko South Bend, Indiana, Elmer Pond na mwanawe Cecil walianza mwaka 1946 biashara iliyozaa chapa ya Wheel Horse. John Deere iliingia mwaka 1963 na trekta lake namba 110, lililoundwa Horicon, Wisconsin.

Watengenezaji hao waligundua upesi kwamba wateja walipishana mfukoni. Mmoja alitaka taa, stata ya umeme na haidroliki ya kunyanyulia mashine ya kukatia nyasi. Jirani yake alitaka kazi tu ifanyike. Ndipo kila kampuni ikawa na toleo la bei ya chini chini ya jina lilelile, na hapo ndipo historia ya matrekta haya inapowachanganya wengi.

Mifupa ileile

Chukua Cub Cadet za mwaka 1963. Namba 70 ilikuwa na farasi 7, namba 100 ilikuwa na farasi 10. Anayesoma namba pekee atadhani ni matrekta mawili tofauti. Fundi akilala chini yake anaona fremu ileile na giaboksi ileile ya chuma cha kusubu, ambayo asili yake ni trekta la shambani la Farmall Cub, lililoanza kuundwa mwaka 1947. Hata mkanda uliopeleka nguvu kwenye giaboksi katika toleo la kwanza ulikuwa umeondolewa, pahala pake pakawekwa shafti ya moja kwa moja. Mwenye 70 aliipata shafti hiyo sawa na mwenye 100.

Kilichopungua kilikuwa nguvu ya injini na raha ya dereva. Katika matoleo ya chini ya zama hizo, injini iliwashwa kwa kuvuta kamba. Mashine ya kukatia ilinyanyuliwa kwa wenzo wa mkono, na dereva aliyefika mwisho wa mstari alivuta kwa nguvu zake mwenyewe kabla ya kugeuza. Mwaka 1965 Cub Cadet ilipoleta namba 123 yenye haidrostatiki, ambamo pampu husukuma mafuta yanayozungusha mota na dereva hahangaiki kubadilisha gia, anasa hiyo haikushuka hadi kwa namba 71 ya farasi 7. Mwenye 71 aliendelea na klachi na gia zake tatu.

Ilikuwa kama nyumba mbili za ramani moja, moja ikiwa na vigae na nyingine saruji tupu. Msingi haukutofautiana. Na upungufu huo ulikuja kuwa faida: pasipo haidroliki hakuna bomba la kuvuja, pasipo stata hakuna ya kuungua.

Kisu kinapofika mfupani

Kulikuwa na njia nyingine ya kushusha bei, nayo ilishika kasi kadiri miaka ilivyosonga. Injini ilisimamishwa wima, shafti yake ikitazama chini, ili mkanda uende moja kwa moja kwenye visu vya kukatia bila vipuri vya kugeuza mwelekeo wa nguvu. Fremu ikakunjwa kutoka kwenye bati. Giaboksi ikavaa ganda jepesi la aluminiamu. Palipokuwa na beringi pakawekwa bushi.

Kwa kukata nyasi kwenye uwanja tambarare, mashine hizo zilitosha kabisa na ziliwapa wengi chombo ambacho wasingekimudu. Lakini zikifungwa jembe au kulazimishwa kusukuma theluji nzito, giaboksi ililalamika. Msemo wa rahisi ni ghali uliwahusu wamiliki hao, haukumhusu mwenye Cub Cadet namba 70.

Biashara yenyewe ilibadilika mikono. American Motors iliinunua Wheel Horse mwaka 1974, kisha Toro ikaichukua mwaka 1986. International Harvester, iliyotikiswa na mgomo wa siku 172 ulioanza Novemba 1979, iliiuza Cub Cadet kwa kampuni ya MTD mwaka 1981.

Leo wapenzi wa matrekta ya kale huko Marekani hawayapuuzi matoleo ya chini ya miaka ya 1960. Kwa kuwa vipuri vingi vinaingiliana, la farasi 7 lililochoka linaweza kufufuliwa kwa giaboksi ya kaka yake mkubwa. Mnunuzi mjuzi haanzi na rangi wala taa. Anatazama injini imelala au imesimama, anagonga ganda la giaboksi kujua ni chuma au aluminiamu, kisha anatikisa magurudumu ya mbele kusikia mchezo wa bushi. Kuambiwa kwamba trekta lilikuwa la bei nafuu hakumsaidii chochote mpaka ajue bei hiyo ilipunguzwa kwa dereva au kwa mashine.